Kiboko wa Odera

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Japheth Onyango hakuunda nyatiti ili kuinua utamaduni, ingawa baadaye alidai hivyo mbele ya watu. Aliiunda kwa sababu ya Stacy.

Kazi hiyo tukufu ilifanyika Al-Sulay, Riyadh, nyuma ya ghala la vigae ambako Japheth alikuwa dereva wa lori. Bakuli la mbao lililopasuka ukingoni alipewa na mpishi wa Kipakistani. Ngozi ya mbuzi ilitoka kwenye Idi ya kuchinja, ikaanikwa juu ya kontena mpaka mkubwa wa ghala akauliza ni nani aliyekufa. Mikono ya ala ilitokana na paleti iliyovunjika, na nyuzi zake nane zilikuwa mshipi wa kuvulia samaki. Tena kwa kuwa mpiga nyatiti hujipigia ngoma kwa mguu, akigonga ubao kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba, Japheth alijivalisha beringi iliyostaafu. Ilimkaa vizuri mno. Haikutoka kwa siku kadhaa, na viatu vyake vyote vilimkataa.

"Buda," alisema Hillary, Mkenya mwenzake wa forklifti, "wenzako wakienda kuposa hubeba dhahabu. Wewe unabeba sufuria yenye manyoya."

"Hiki ni kinubi cha Wajaluo. Kiheshimu."

"Nakiheshimu. Lakini kinanuka."

Kilinuka kweli.

Stacy alikuwa yaya kwenye jumba moja la Al-Hamra, Jeddah. Walijuana siku Japheth alipopeleka vigae pale, akarudisha lori nyuma kwa madaha, akakikanyaga chungu cha maua cha madam. Stacy alifungua geti, akakiangalia chungu, akamwangalia dereva, akasema, "Umemaliza, ama kuna kingine ungependa kuua?" Tangu siku hiyo simu ya Japheth haikupoa.

Lakini mapenzi ya simu hayafiki kwa wazee mpaka yapite kwa Anti Peris. Peris alikuwa shangazi yake Stacy. Ndiye aliyemlea Stacy baada ya mama yake kufariki, na ndiye angepiga simu nyumbani kusema ndiyo au hapana. Alikuwa mpishi wa miaka mingi hapohapo Al-Hamra, na tayari alikwisha kuwakataa mwalimu mmoja na wakala wa forodha, wote wawili kwa kosa la kuchosha.

"Anapenda nyatiti kupita chakula," Stacy alimwambia Japheth. "Ukimpigia vizuri, umeshinda nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine ni kunyamaza."

Maneno haya yangestahili kuchorwa kwenye kioo cha lori. Hayakuchorwa, ndiyo maana kuna hadithi.

Kupiga, Japheth alijua. Marehemu ami yake alimfundisha tangu utotoni huko Alego, na alizikumbuka nyimbo zote za Oluoch Jathum, yule gwiji wa karne ya kumi na tisa ambaye kwao hutajwa watu wakiwa wamekaa wima. Tuseme zote isipokuwa mmoja. Wimbo wa kiboko hakuupiga kamwe, na akisikia mtu anaupigia mluzi hubadilisha njia. Hillary aliwahi kumuuliza kwa nini. Japheth alimjibu kwamba nyuzi za mshipi haziuwezi. Tutalifikia jambo hili kwa heshima zake.

Basi Ijumaa ikafika, na shehena ya vigae ya kwenda Jeddah ikafika pamoja nayo. Japheth na Hillary walishuka na lori, wakashusha mzigo, wakaoga kwa bomba la ghala la watu, wakaelekea Kandara. Huko, karibu na kituo cha zamani cha mabasi, Bibi Nunu alikuwa na ukumbi mdogo juu ya duka lake la vitambaa. Bibi Nunu ni Mzanzibari aliyeletwa Jeddah angali mgongoni, baada ya mambo ya sitini na nne, na Kiunguja chake hakijapata kuvua viatu. Wakenya waliopata ruhusa ya Ijumaa walikutana kwake, naye alikaa mlangoni na birika la chai ya tangawizi, akimpima kila aingiaye.

"Karibu, baba, karibu," alimwambia Japheth. "Hicho ulichokifunika, chakula au mgonjwa?"

"Ni nyatiti, bibi."

"Basi mpitishe apate hewa."

Anti Peris alikuwa amekaa mbele, abaya ikining'inia begani kama joho la hakimu. Alimtazama Japheth kuanzia nywele hadi ile beringi ya mguuni, akatua hapo kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Alego, mama."

"Alego ni kubwa. Sisi tuko Seme. Hayo ya ukoo tutayafikia kwa utaratibu. Kwanza piga nisikie kama vidole vyako vina mwenyewe."

Japheth alikaa kwenye kiti kifupi, akailaza nyatiti ubavuni, akagonga ubao kwa mguu. Ukumbi ukanyooka kama bweni lililosikia funguo za mwalimu wa zamu. Alipiga wimbo wa harusi, na kabla hajafika katikati mwanamke mmoja aliyeitwa Roselyne aliruka, akatia tende ndani ya bakuli lililowekwa mbele ya mpigaji, akapaza sauti: "Simama hapo! Mimi ni Roselyne, nyota ya Bondo! Madam akinitafuta jikoni, anapotea yeye!"

Watu wakashangilia, Japheth akaendelea.

"Hebu nambieni mie," Bibi Nunu akauliza, "huyu mbona kamkatiza mwenzake? Wamegombana?"

"Hapana, bibi," alisema Peris. "Kwetu hii ni pakruok. Nyatiti ikilia, mwenye lake moyoni humlipa mpigaji asimame, halafu hujisifu mbele ya watu. Zamani walilipa shilingi. Hapa tunalipa tende."

"Na mtu akijisifu uongo?"

"Ruhusa. Unaweza kujiita tembo, unaweza kujiita treni ya Kisumu. Hakuna atakayekudai mabehewa."

Hillary, ambaye si Mjaluo lakini hapitwi na la bure, alikuwa amekwisha kutia tende. "Simama! Mimi ni Hillary, nanyanyua paleti kwa kidole cha mwisho! Al-Sulay wananiita winchi ya Mungu!"

"Amina," alisema Bibi Nunu. "Kaa chini, winchi, usije ukanitoboa sakafu."

Ndipo Peris alipoinua mkono. Alimwambia Japheth apunguze sauti, nyuzi zinong'one tu, kwa kuwa sasa anamsimulia Oluoch Jathum. Japheth moyo ulimruka kwa furaha. Huo ulikuwa uwanja wake wa nyumbani.

"Oluoch alizaliwa kabla mzungu hajajua kwamba ziwa letu lipo," Peris alianza. "Alikuwa mtoto mvivu, tena mvivu wa kuheshimika. Alitumwa kuchunga ng'ombe, akakaa siku nzima akiidonoa kamba ya ndama asikie inasema nini. Ng'ombe wakala shamba la watu. Baba yake akamfukuza aende kwa mjomba wake mpiga nyatiti, ambebee kiti, kwamba wavivu wakae pamoja. Akabeba kiti mpaka akaota ndevu.

"Sasa siku moja kukawa na matanga makubwa. Mjomba akanywa, akalala mdomo wazi. Oluoch akakikalia kile kiti alichokibeba. Alipiga mpaka jogoo wakaona haya kuwika, na waombolezaji wakaanza kuulizana ni nani hasa aliyefariki. Kuanzia pale hakubeba kiti cha mtu tena. Aliitwa kila boma kati ya mto Yala na mto Nzoia. Kuna mwaka alishindanishwa na bingwa mmoja wa Ugenya, uzi wake ukakatika katikati ya wimbo. Unajua alifanya nini? Nyuzi saba akazipiga kwa vidole, ule wa nane akauimba kwa mdomo, kila ulipofika zamu yake, bila kukosa. Bingwa wa Ugenya aliinuka mwenyewe akamkabidhi fimbo yake.

"Alitunga wimbo wa nzige, wimbo wa bibi harusi aliyekataa kulia, wimbo wa fahali aliyekufa kwa kiburi. Hakuna mashine iliyoinasa sauti yake, hakuna picha ya uso wake. Alikufa mwaka mmoja kabla ya reli kufika Kisumu, na wazee husema ndiyo sababu treni inalia vibaya. Hakuwepo wa kuikaza nyuzi. Lakini mimi niko hapa, Jeddah, ng'ambo ya bahari mbili, na nikikoroga mchuzi wa watu wa Al-Hamra mkono wangu unafuata mwendo wake. Mfalme gani ana hilo?"

Ukumbi ulipiga vigelegele. Bibi Nunu alifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akadai ni mvuke wa birika. Na kule nyuma Stacy alimwangalia Japheth, akatabasamu.

Hilo tabasamu ndilo lililoharibu mambo. Japheth alihisi kichwa kinakua. Aliitoa tende moja kutoka kwenye bakuli lake mwenyewe, akairudisha humohumo ili ihesabike kuwa amelipa, akajisimamisha.

"Simameni hapo!" alinguruma. "Mimi ni Japheth, simba wa barabara ya Riyadh! Vidole hivi mnavyoviona si vyangu. Ni vya Oluoch Jathum! Mimi ni kilembwe cha Jathum, damu yake tupu!"



Halafu Anti Peris akapiga kigelegele kimoja kirefu, akainuka na kuifungua mikono. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila kusingizia birika.

"Ndugu yangu!" alilia. "Jamani, njooni muone! Oluoch ni babu wa babu yangu! Nyumba yetu ilihamia Seme, tukatawanyika, nikasema damu ya mzee imekauka, hakuna mtoto aliyebaki anayeishika nyatiti. Kumbe iko Al-Sulay inaendesha lori! Nilikuwa nimeuficha undugu wetu na mzee mpaka mwisho wa siku, nimwonyeshe mgeni kama sahani za wageni, na mgeni mwenyewe ni mwenye sahani! Stacy! Stacy, mwanangu, njoo umsalimie kaka yako!"

Stacy alikuja taratibu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona chungu cha pili kikikanyagwa.

"Hongera, kaka," alisema.

Sasa kwa asiyejua, tueleze. Mjaluo haoi damu yake, hata damu hiyo iwe imepita vizazi vingapi. Ukisema wewe na binti ni wa babu mmoja, umekwisha kumwoza kwa wengine. Japheth alikuwa amevuka jangwa zima kuja kuposa, akajifanya ndugu wa bibi harusi kwa hiari yake, kwa sauti kubwa, tena kwa malipo.

"Mama," alisema, "ile... ile ilikuwa pakruok tu. Si unajua, mtu anajiita tembo..."

Mikono ya Peris ilishuka.

"Tembo hana watoto wa kukuuliza," alisema polepole. "Jiite mwezi, hakuna atakayelia. Lakini babu wa mtu humchukui. Babu si koti la kuazima. Nimekufungulia mikono mbele ya watu, Japheth. Kwa hiyo niambie. Wewe ni ndugu yangu, ama ni mwongo?"

Hillary alikohoa. "Buda, chagua ndugu," alinong'ona. "Ndugu atapewa chakula."

Stacy naye alimwinamia upande wa pili, kana kwamba anaokota kikombe. "Sema ukweli," alisema. "Ama uniite dada mpaka uzeeke."

Japheth alitazama sakafu. Njia zilikuwa mbili, na zote zilikuwa mbaya. Akiendelea kuwa damu ya Jathum, angeheshimiwa kila Ijumaa ya maisha yake, na siku moja angepiga nyatiti kwenye harusi ya Stacy na wakala fulani wa forodha. Akisema ukweli, alikuwa hana budi kuusema wote, kwa sababu Peris angeuliza swali linalofuata, lile ambalo watu wa Alego huuliza kwa tabasamu: sasa wewe ni wa nani? Alilijua swali hilo. Shuleni, kila zamu yake ya kuchota maji ilipofika, bweni zima lilimsindikiza hadi mtoni kwa wimbo.

Alikaa tena kwenye kile kiti. Akakaza uzi mmoja. Akagonga ubao, na kwa mara ya kwanza tangu ami yake afe, akaupiga wimbo wa kiboko.

Kila Mjaluo aliyekuwa ndani alicheka kabla ya neno la kwanza, maana wimbo huo haumngojei mtu. Japheth aliimba mwenyewe:

"Odera, mwana wa Achieng', miguu yako imeoa upepo,
kiboko alitaka salamu tu,
mama mkwe akabaki kuitikia."

"Lo!" alisema Bibi Nunu. "Kamwacha mkwewe na kiboko?"

"Kamwacha na kiboko, bibi," alijibu Japheth, vidole vikiendelea. "Walikuwa wanatoka sokoni, kiboko akatokea njiani, Odera akakimbia mpaka nyumbani kwake, akafunga mlango. Mama mkwe alimfukuza kiboko kwa chungu cha samaki. Jathum akasikia habari hiyo jioni, kufikia asubuhi nchi nzima inaimba."

Alinyamazisha nyuzi kwa kiganja. Akachukua tende, safari hii kutoka kwenye mfuko wake, ile aliyoiweka kwa ajili ya njia, akaitia bakulini.

"Nimelipa," alisema. "Mimi ni Japheth Onyango, kilembwe cha Odera aliyekimbia kiboko. Chekeni. Nilipokuwa mdogo nilipigana kwa ajili ya wimbo huu mpaka nikaishiwa na meno ya kubadilisha. Lakini leo nimesikia maisha ya Jathum yote, nikajiuliza, katika nyimbo zake zote jina lake yeye liko wapi? Halimo. Wa nzige una nzige, wa fahali una fahali. Huu una Odera. Wakiimba Bondo wanamtaja Odera. Wakiimba Seme wanamtaja Odera. Leo ametajwa Kandara, na kiboko amekwisha kufa zamani! Jathum alikuwa na vidole, sikatai. Lakini vidole haviimbi hewa. Babu yangu alikimbia, na kwa mbio zile alimpa babu yako wimbo ambao haujafa. Mimi si damu ya mpigaji. Mimi ni damu ya wimbo!"

Hakuna aliyeshangilia. Wote walimgeukia Peris, kwa sababu fimbo ya kuamua ilikuwa mkononi mwake.

Peris aliinama, akalisogeza bakuli kwa kidole, kama anayekagua mchele. Midomo yake ilikuwa inapigana na kitu.

"Kwenu mliambiwa mwisho wa hadithi?" aliuliza hatimaye.

"Mwisho ni kufunga mlango, mama."

"Huo ndio mwisho wa watu wenye haya. Wa kwetu ni mwingine. Baba alinisimulia, naye alisimuliwa. Odera alijificha msimu mzima. Halafu kukawa na sherehe, Jathum akaupiga wimbo, na huyo Odera akatoka gizani, akalipa, akasimamisha nyatiti. Watu wakadhani atapigana. Akasema, 'Mimi ndiye Odera! Kiboko ana miguu minne, mimi miwili, na nani alifika?' Jathum alicheka mpaka pete ikamtoka mguuni. Tangu siku ile hakuupiga wimbo huo popote bila kumwita Odera aje ausimamishe. Mmoja aliimba, mwingine alijisifu, walizunguka nchi hivyo mpaka uzee. Na Jathum alipokufa, aliyeibeba nyatiti mbele ya jeneza hakuwa mtoto wake." Alivuta pumzi. "Wewe umefanya leo jambo lilelile, na hukufundishwa na mtu."

Japheth alifungua mdomo, akakumbuka nusu ya pili, akaufunga.

"Amejifunza kunyamaza," alisema Stacy. "Anti, huyu anafaa."

"Nyamaza na wewe. Sijakuuliza." Lakini Peris alikuwa amekwisha kuchukua tende. Aliitia bakulini kwa kishindo. "Simama hapo! Mimi ni Peris, nyar Jathum, binti wa mwenye nyuzi nane! Babu yangu alimfanya mwoga aishi milele, na mwoga mwenyewe amekuja kuposa kwangu! Nani mwingine Jeddah ambaye binti yake anaposwa na wimbo?"

Ukumbi ulipasuka. Bibi Nunu naye akatupa tende kutoka mlangoni, akatangaza kwamba yeye ni Nunu, birika lisilokauka, na kwamba Kandara nzima imekunywa chai yake na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Bakuli lilijaa. Japheth, kwa mujibu wa mila, alizila tende zote, na jambo hilo lilimsumbua tumbo njia ya kurudi Riyadh mpaka Taif.

Alasiri Peris alitakiwa Al-Hamra kabla ya wageni wa madam. Walishuka naye wote mpaka barabarani, yeye na mkoba wake mkubwa mbele, Japheth hatua kadhaa nyuma, kama inavyompasa mkwe. Walikuwa katikati ya kuvuka lori la maji lilipokata kona na kupiga honi ya kufufua wafu.

Japheth alikimbia. Historia haifichi. Damu ya Odera ilifanya kazi yake kabla kichwa hakijaulizwa. Lakini kwa kuwa mkwe hamshiki mama mkwe mkono, aliunyakua ukanda wa mkoba, na kwa kuwa Anti Peris hajawahi kumwachia mtu mkoba wake, walifika ng'ambo pamoja, yeye akiwa mwisho wa ukanda, abaya ikipepea kama bendera ya shule siku ya michezo.

Walisimama kwenye ukingo wa barabara wakihema. Peris alitengeneza mtandio wake, akaliangalia lori likiishia, akamwangalia mkwe wake. Mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kugonga lami taratibu, kama mguu wenye pete.

"Odera alikimbia akaacha," alisema. "Wewe umekimbia ukabeba. Hapo pana ubeti."

Na kabla teksi haijasimama alikuwa amekwisha kuutunga.